Mwalimu wa Yule Koplo Alikuwa Nani?

(Niliongea haya jioni ya tarehe 26 Juni, siku ya kuwakumbuka watu walioteswa. Wengi mliniomba niyaandike, nimeyaandika karibu vile nilivyoyasema.)

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa chini hapo mbele kwa sababu viti vimeisha, hamjambo. Asanteni kwa kuja na baridi hii ya Juni.

Nianze na gunia.

Nilikuwa na miaka kama saba hivi, tuko kwa shosho upande wa Nyeri, tumemaliza kumwaga viazi ghalani, mimi nikachukua gunia tupu nikalivaa kichwani, nikalitoboa macho mawili kwa kidole maana lilikuwa limechakaa, alafu nikaanza kufukuza wenzangu uani nikijifanya zimwi. Shosho akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakupiga kelele. Alisimama pale mlangoni akanitazama, uji unadondoka kutoka kwa mwiko unamwangukia mguuni na wala hasikii, alafu akasema neno moja tu, toa. Nikatoa. Akalichukua lile gunia akalitia motoni, na nyinyi mliokulia shamba mnajua gunia sio kitu mtu anachoma hivi hivi.

Hakuna aliyenieleza siku ile. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nikisoma habari za Operesheni Anvil, tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, siku jeshi la Uingereza lilifunga Nairobi nzima na kuanza kupanga watu wa Kikuyu, Embu na Meru foleni, mmoja mmoja anapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia limetobolewa macho. Huyo mtu hasemi kitu. Akitingisha kichwa, wewe umeenda kambini, Langata, alafu Manyani ama Mackinnon Road. Watu walimwita gakunia. Kagunia kadogo. Shosho wangu alikuwa amepitishwa mbele ya gunia kama hilo, na miaka thelathini baadaye mjukuu wake analivaa uani anacheza.

Sasa naomba mniruhusu niwapeleke mbali kidogo, Basra, Iraq, Septemba 2003.

Kulikuwa na kijana anaitwa Baha Mousa, miaka 26, karani wa mapokezi kwenye hoteli. Mke wake alikuwa amefariki miezi michache kabla, amemwachia watoto wawili wadogo. Baba yake, Daoud Mousa, alikuwa kanali wa polisi. Tarehe 14 Septemba wanajeshi wa Uingereza wa kikosi cha Queen's Lancashire waliingia hotelini wakitafuta silaha, wakawakamata wafanyakazi, wakawapeleka kambini. Huko walivikwa magunia ya mchanga vichwani, yale magunia ya askari ya kujengea kuta za kujikinga, wakasimamishwa wamekunja magoti na mikono mbele, anayeshuka anapigwa. Na kulikuwa na mchezo askari waliuita kwaya, wanapita kwenye mstari wanampiga huyu, anaguna, wanampiga wa pili, anaguna kivyake, kila mtu na sauti yake, na wageni wanaitwa kuja kusikiliza hio kwaya. Samahani nimewaambia hivyo lakini sitaki jambo hili tulizungumze kwa maneno ya ofisini.

Baha Mousa alikaa mikononi mwao masaa 36. Kwa hayo masaa 36, karibu 24 kichwa chake kilikuwa ndani ya gunia. Usiku wa tarehe 15 akafa. Mwili wake ulihesabiwa majeraha 93. Baba yake akaitwa kuutambua.

Haya, nani alijibu? Askari saba walipelekwa mahakama ya kijeshi, akiwemo kanali aliyekuwa kamanda wa kikosi. Sita wakatoka bila hatia. Jaji mwenyewe alisema waziwazi kwamba askari walikuwa wamefunga safu kulindana. Aliyebaki ni mmoja, koplo, Donald Payne, ambaye alikubali kosa la kuwatendea wafungwa kinyama, na akawa mwanajeshi wa kwanza wa Uingereza kupatikana na hatia ya uhalifu wa kivita. Mwaka mmoja jela na kufukuzwa jeshini. Kuna video fupi, dakika moja tu, anaonekana akiwafokea na kuwasukumasukuma watu waliofunikwa vichwa, ilichezwa mbele ya tume iliyokuja kuchunguza kifo hicho, mtu yeyote aliyeiona hawezi kumtetea. Mimi simtetei.

Lakini ndugu zangu, swali langu usiku wa leo ni moja, mwalimu wa yule koplo alikuwa nani? Koplo hakuamka asubuhi moja Basra akabuni mwenyewe gunia, akabuni kusimama kwa magoti yaliyokunjwa, akabuni kuwanyima watu usingizi, vyote vitatu kwa pamoja, na kwa bahati tu vikawa vinafanana na vitu vilivyofanywa Ireland Kaskazini mwaka 1971 kabla wengi wa hao askari hawajazaliwa. Hivi ni vitu vinavyofundishwa. Na kama vinafundishwa basi kuna darasa, kuna mkufunzi, kuna anayemlipa mkufunzi, na kuna waziri anayesaini bajeti ya hio shule.

Turudi nyuma basi. Agosti 1971, Ireland Kaskazini, serikali imeanza kukamata watu bila kuwashtaki. Wanaume kumi na wanne, hao ndio mpaka leo wanaitwa watu wa magunia, walichaguliwa wakahojiwe kwa njia tano. Kusimamishwa ukutani kwa vidole masaa na masaa. Kichwa kufunikwa. Kelele ya mashine isiyoisha. Kunyimwa usingizi. Kunyimwa chakula na maji. Kesi ilipofika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, uamuzi wa tarehe 18 Januari 1978, majaji waliandika jambo ambalo mimi nalisoma kila mara na bado linanishtua. Waliandika kwamba hizo njia hazikuwahi kuandikwa popote, hakuna waraka rasmi uliozikubali, ila zilifundishwa kwa mdomo, kwenye semina ya Aprili 1971, kituo cha ujasusi cha Uingereza kikiwafundisha polisi wa Ireland Kaskazini.

Kwa mdomo! Mnaona ujanja wake? Mkufunzi anasimama mbele ya darasa, anaeleza, anaonyesha, labda wanafunzi wanafanya mazoezi wenyewe kwa wenyewe, alafu wanatoka wanaenda chai, na hakuna karatasi. Siku mtu akilia, waziri anasema mimi nionyesheni nilipoandika.

Na wao wenyewe walikubali mbinu zimetoka wapi. Ripoti ya Lord Parker ya mwaka 1972, ripoti ya serikali kabisa, inasema mbinu hizi, zote au baadhi, zilitumika Palestina, Malaya, Kenya na Cyprus, alafu inaendelea, Cameroon, Brunei, Guiana, Aden, Borneo, Ghuba ya Uajemi. Someni hio orodha polepole. Kenya iko pale, iliandikwa na jaji mkubwa wa Uingereza, zaidi ya miaka arobaini kabla serikali yao haijakubali mbele ya Bunge kwamba wazee wetu waliteswa. Watu wa Aden na wa Ghuba wako pale, jamaa zetu wa kuvuka bahari. Ni mtaala mmoja unasafiri na meli.

Tarehe 2 Machi 1972 Waziri Mkuu Edward Heath alisimama Bungeni akasema hizo njia hazitatumika tena kusaidia mahojiano, na serikali yoyote ikitaka kuzirudisha pengine italazimika kuja Bungeni kuomba ruhusa. Neno zuri. Sasa mtu mzima akiahidi hivyo mbele ya Bunge, unategemea nini? Unategemea iandikwe kwenye vitabu vya mafunzo ya jeshi, kila kuruta aisome, kila kamanda aulizwe. Tume ya Sir William Gage, iliyochunguza kifo cha Baha Mousa na kutoa ripoti Septemba 2011, ilikuta kwamba kufikia 2003 ile ahadi ilikuwa imepotea ndani ya jeshi. Hakukuwa na mwongozo wa maana wa kuhoji wafungwa. Wizara ya Ulinzi ilishindwa kama taasisi, ndivyo ripoti ilivyosema.

Na kuna hili, ambalo kwangu ndilo kiini cha kila kitu. Mwezi Machi 2003, vita ndio vimeanza, mwanasheria mkuu wa jeshi kule, Luteni Kanali Nicholas Mercer, alikuta wafungwa wamepangwa wamefunikwa vichwa. Akalalamika. Msalaba Mwekundu nao wakalalamika. Jenerali akatoa amri kufunika vichwa kukome. Aliitoa kwa mdomo. Vikosi vikabadilishana, walioagizwa wakarudi nyumbani, wapya wakaingia, na kufikia Septemba ile amri ilikuwa haijulikani, kikosi cha kina Payne kilichukulia kwamba gunia ndio utaratibu wa kawaida. Kwa hiyo mateso yalifundishwa kwa mdomo yakaishi miaka hamsini kutoka Kenya mpaka Basra. Katazo likatolewa kwa mdomo halikumaliza hata nusu mwaka. Sasa niambieni hio ni bahati mbaya ama ni shule imeamua kukumbuka nini na kusahau nini.

Kuna mtu ameniuliza pale nje kabla hatujaanza, je si kuna mafunzo ya askari kujifunza kuvumilia akitekwa? Yapo. Askari anafunikwa kichwa, anasimamishwa, anafokewa, ili akishikwa na adui asivunjike upesi. Hata tume ya Gage iliona hatari hapo, kwamba mtu aliyefanyiwa hivyo mafunzoni anaweza kutoka akidhani ndivyo mateka anavyotakiwa kutendewa. Marekani walienda mbali zaidi, walichukua mafunzo kama hayo wakayageuza makusudi, wanasaikolojia wawili waliokuwa kwenye hio programu wakaandaa mbinu za kuhoji za CIA, shirika lao la ujasusi, na ripoti ya Seneti ya 2014 inasema kampuni yao ililipwa zaidi ya dola milioni 80. Na wanasheria wa serikali ya Bush walipoandika ile memo ya Agosti 2002 ya kuhalalisha mbinu hizo, walinukuu nini? Ule uamuzi wa 1978, kwa sababu majaji wa Ulaya walisema njia tano ni ukatili na udhalilishaji ila hazifiki kiwango cha mateso. Walioumia kwa hilo neno moja ni watu ambao hata hawakujua Strasbourg, mji wa hio mahakama, iko wapi.

Na hapo kuna uongo mwingine ndani yake. Mwaka 1977, wakati mawakili wa serikali ya Uingereza wanakana mahakamani kwamba yale yalikuwa mateso, waziri wa mambo ya ndani Merlyn Rees alimwandikia barua Waziri Mkuu wake, James Callaghan. Akamwambia uamuzi wa kutumia njia za mateso Ireland Kaskazini ulichukuliwa na mawaziri, hasa Lord Carrington aliyekuwa waziri wa ulinzi. Neno mateso ni lake mwenyewe. Ile barua ilikaa kwenye makabati mpaka watafiti walipoifukua miaka mingi baadaye. Polisi wa kule waliomba radhi kwa watu wa magunia mwaka 2023. Nusu karne. Baadhi yao walikuwa wameshazikwa.

Sisi hii tabia ya makabati tunaijua vizuri. Mwanasheria mkuu wa Kenya ya mkoloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring mwaka 1957 akimweleza jinsi ya kupiga wafungwa ili ionekane ni halali, akasema kama ni lazima tutende dhambi, basi tutende dhambi kimyakimya. Miaka miwili baadaye, tarehe 3 Machi 1959, kambi ya Hola, wafungwa kumi na mmoja walipigwa mpaka wakafa, na serikali ikatoa taarifa kwamba wamekufa baada ya kunywa maji kutoka kwa mkokoteni wa maji. Maji! Mzee Wambugu Nyingi alikuwa mmoja wa waliopigwa siku hio, alipoteza fahamu akalazwa pamoja na maiti, akaamka akiwa katikati ya wenzake waliokufa. Hakuna aliyeshtakiwa kwa Hola. Hakuna hata koplo.

Ni huyo huyo mzee Nyingi, na Ndiku Mutua, na Paulo Nzili, na Jane Muthoni Mara, waliokwenda London mwaka 2009 wakaishtaki serikali ya Uingereza, wazee wa fimbo, na Susan Ngondi aliyeanza nao safari akafariki kabla haijaisha. Serikali ikajibu kwamba deni la mkoloni lilirithiwa na Kenya, yaani tujishtaki wenyewe. Lakini kesi ndio ililazimisha makabati kufunguka, faili za siri zikapatikana Hanslope Park, kule kule Uingereza, karibu 8,800 kutoka makoloni 37, zilizosafirishwa kimyakimya wakati bendera zinashushwa. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague akasimama Bungeni akakiri kwamba Wakenya waliteswa, akasema wanasikitika, wakalipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, na humo humo ndani kuna gharama za mawakili. Wengine zaidi ya 40,000 waliofuata kesi yao ilikwama mwaka 2018. Shosho wangu hakuwa kwenye orodha yoyote. Alikuwa ameshafariki, na angekuwa hai sidhani angekubali kukaa mbele ya mtu wa kuandika aanze kueleza.

Sasa msidhani nimekuja kuwatukana Waingereza niende nyumbani. Mimi nimekuja kwa ajili yetu. Mlima Elgon, Machi 2008, jeshi letu, sio la mtu mwingine, liliingia kwa Operesheni Okoa Maisha kupambana na kundi la wapiganaji la SLDF, Sabaot Land Defence Force, na hao SLDF walikuwa wameua na kukata watu masikio, hilo hakuna anayelikana, watu wa kule walikuwa wanaomba msaada. Lakini wanaume wa vijiji vizima walikusanywa wakapelekwa kambi ya Kapkota, wakachujwa, wakahojiwa, na wengi waliotoka walisimulia kupigwa na kuteswa, na wapo wake ambao mpaka leo hawajui waume zao walizikwa wapi. Jeshi likakana. Kuchujwa, mnalisikia hilo neno? Ni lile lile la foleni za gunia za 1954. Nani aliwafundisha? Nyayo House, lile jengo la serikali Nairobi, zile seli za chini zilizojazwa maji, nani aliwafundisha wale maafisa kwamba maji yakifika magotini mtu baada ya siku kadhaa atasaini chochote?

Na mtu asiniambie bila hayo hatupati habari za kuokoa maisha. Mtu anayepigwa anasema unachotaka kusikia, wale wa Nyayo House walikiri mambo ambayo hawakuyafanya, wakafungwa kwa hayo. Polisi wa Uingereza wenyewe walibadilisha mahojiano yao mwanzoni mwa miaka ya tisini baada ya aibu ya watu kufungwa kwa maungamo ya uongo, wakaanza kufundisha maafisa wajiandae, waulize, wasikilize, wapime majibu na ushahidi. Kuhoji ni kazi ya akili, na inafundishika.

Sheria haituangushi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso, kifungu cha 10, unasema katazo la mateso liwe ndani ya mafunzo ya askari na polisi na madaktari, na kifungu cha 11 unasema serikali ipitie mara kwa mara kanuni na mbinu zake za kuhoji. Kenya iko ndani tangu 1997. Katiba yetu, kifungu cha 25, inasema uhuru wa kutoteswa hauwezi kupunguzwa kwa hali yoyote. Tuna Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017, na majirani zetu Uganda wana yao ya 2012. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza darasani kunafundishwa nini. Hata Uingereza, baada ya aibu yote ile, tume ya Gage ilitoa mapendekezo 73 na waziri wa ulinzi akakubali 72, lile moja alilokataa ni kuacha kabisa ile mbinu ya kumfokea mfungwa usoni. Mwisho wa siku kila serikali inataka kubaki na kamlango.

Kwa hiyo hiki ndicho tunachofanya. Pale mezani karibu na mlango kuna barua mbili. Ya kwanza inaenda Wizara ya Ulinzi, chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wana siku 21 za kujibu. Hatuombi siri za vita. Tunaomba kanuni za kuhoji watu waliokamatwa ziko kwenye karatasi gani, zimesainiwa na nani, wakufunzi wanatoka wapi, wa ndani na wa nje, na kikosi kikimwachia kingine zamu kinamkabidhi nini kwa maandishi. Ya pili inaenda kwa Kamati ya Ulinzi ya Bunge la Taifa, kuwataka wawaulize maswali hayo hayo hadharani kila wanapopitisha bajeti ya mafunzo. Najua watatujibu usalama wa taifa. Wakijibu hivyo kwa maandishi, hio nayo ni karatasi yenye saini, tunaipeleka mahakamani.

Andikeni jina na namba ya kitambulisho, na wazee ambao hawaandiki, kuna vijana wawili pale watawasaidia na kuna kidau cha wino cha dole gumba. Mimi nimeshasaini. Juu ya mstari wa kwanza nimeacha nafasi, nataka mama aliyekuja leo kutoka Mlima Elgon aandike kwanza jina la mume wake.